Mpaka Wako Ni Uso wa Maji: Nasaha kwa Mtu wa Benaco Aendaye Kutazama Merikebu Iliyozama

Mtu wa Benaco, huku Ngara, anaweza kuishi umri mrefu penye njia panda ile, akiyaona malori ya Rusumo yakipita kwenda bandari ya Dar es Salaam na kurudi, na mabasi ya Karagwe yakiteremsha abiria, bila ya yeye mwenyewe kufika mahali ambapo shehena zile hupakuliwa melini. Maana kutoka Ngara mpaka pwani, kwa njia ya Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida na Dodoma, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, na safari ya masafa hayo haifanywi bila ya haja. Lakini haja zimeongezeka. Walimu huenda kwenye mafunzo, wafanyabiashara hufuata bidhaa Kariakoo, vijana huoa kwa watu wa mbali, na waliojaliwa kuweka akiba huchukua watoto wao wakati wa likizo wakavuka nao hadi Unguja. Aghalabu hurudi wamekwisha kuiona Ngome Kongwe, wamekula pweza Forodhani na kupiga picha mbele ya bahari; bahari yenyewe hawakuiingia, au waliiingia mpaka magotini tu. Nasaha hizi zimeandikwa kwa ajili yao, nami nimezifunga kwenye jambo moja miongoni mwa mengi ya baharini, yaani kuelea kwa miwani na mrija na kuitazama merikebu iliyozama, kwa kuwa naamini hakuna tamasha la pwani limpalo mtu wa bara faida kubwa kama hilo, wala hakuna liadhibulo upesi kama hilo mtu aliyeliendea bila ya kujiandaa.

Nje kidogo ya bandari ya Mji Mkongwe, upande wa mafungu ya mchanga na miamba, imelala merikebu ya Kiingereza iitwayo Great Northern, iliyoundwa mwaka 1870 kwa kazi ya kutandika nyaya za simu chini ya bahari, kazi ya namna ile ile iliyoiunganisha Unguja na Aden mwaka 1879, zikawa habari za Ulaya, ambazo awali zilichukua majuma kufika kwa meli, zinafika kwa saa. Ilizama mwaka 1902, siku ya mkesha wa mwaka mpya. Kina cha pale hakizidi mita 12, na kwa hiyo siku ya maji safi, mtu aliye juu huweza kulitambua umbo lake na kuwaona samaki wanaokaa ndani yake bila ya kuzama hata shubiri moja. Hiyo ndiyo ninayomshauri mgeni aanze nayo.

Si kila merikebu iliyozama inamfaa mwenye mrija, na ni vema msomaji azijue zile zisizomfaa, kwa sababu bandarini atakutana na mapapasi, yaani madalali wa wageni, watakaomwahidi zote. Glasgow, merikebu ya Sultani, ilizamishwa tarehe 27 Agosti 1896, siku ile Waingereza walipoipiga mizinga kasri aliyokuwamo Sayyid Khalid bin Barghash katika vita visivyotimia saa moja. Milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya maji mbele ya mji, ukumbusho wa kila siku kwa wenyeji, hata mwaka 1912 ilipovunjwavunjwa. Pegasus, manowari ya Kiingereza, ilivamiwa alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 na manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, ikiwa imetia nanga Unguja na mitambo yake inasafishwa. Mabaki ya zote mbili yako kwenye kina cha wazamiaji waliosomea kazi hiyo na kubeba mitungi ya hewa. Königsberg nayo iliishia katika matope ya delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mahali penye mamba na maji yasiyopenywa na jicho. Kusini mwa Pemba, karibu na kisiwa cha Panza, ipo meli ya mizigo ya Kigiriki ambayo hutazamwa kwa mrija, lakini mkondo wa kule ni mkali, nami simshauri mwanafunzi aende. Na kwa yule ambaye mwili au umri haumruhusu kabisa kuingia majini, iko faraja ya Mombasa: Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama chini ya Fort Jesus mwaka 1697, ilichimbuliwa na wataalamu baina ya miaka ya 1977 na 1980, na vyombo vyake vimewekwa katika makumbusho ya ngome ile, huonekana kwa miguu mikavu.

Kabla sijasema neno juu ya vifaa, sina budi kuitaja hofu. Sisi watu wa Kagera hatukuirithi hofu ya maji kwa ngano. Tarehe 21 Mei 1996 ilizama meli ya Mv Bukoba ikiwa imekaribia Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800, na wilaya zetu nazo zilikuwa na wana wao mle. Miaka miwili kabla yake, mto Kagera ulikuwa umepitisha maiti za ndugu waliouawa Rwanda mpaka Ziwa Viktoria, na mamia ya maelfu ya waliookoka na waliokimbia walipiga kambi hapa hapa Benaco. Mtu aliyeyaona hayo akikataa kuingia majini, asichekwe, wala asivutwe mkono kwa mzaha na watoto wake wakiwa ufukoni. Rai yangu ni kwamba hofu ya namna hiyo yafaa ichukuliwe kuwa mshauri: imsukume mtu ajifunze polepole, aulize maswali mengi, na asiende pasipo uhakika. Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule asiye na hofu yoyote.

Mafunzo yaanzie nyumbani, tena yaanze bila ya bahari. Tafuta miwani ya kuzamia, ile ifunikayo macho pamoja na pua, na mrija wake. Jaza maji safi katika beseni kubwa, inama, utie uso wako majini, uume kipande cha mrija kwa meno bila ya kukikaza, na upumue kwa kinywa, taratibu, kwa pumzi ndefu. Mara ya kwanza moyo utapiga mbio na kifua kitakataa, kwa kuwa mwili wa binadamu unajua kwamba uso ukiingia majini pumzi hufungwa, na hapo unalazimishwa kutenda kinyume. Usishindane nao. Inua uso, pumzika, rudia jioni nyingine, mpaka utakapoweza kukaa kwa muda mrefu ukihesabu pumzi zako bila ya haraka. Kisha mimina maji kidogo katika mrija ukiwa bado umeinama, uyatoe kwa kupuliza mara moja kwa nguvu. Kwa maana baharini wimbi litaingia mrijani, hilo halina shaka, na asiyepata kulizoea nyumbani hulimeza, akakohoa, akashikwa na fadhaa, na fadhaa ndiyo izamishayo watu waliokuwa wameelea salama.

Baada ya beseni, jifunze kuelea. Usijifunzie mtoni Kagera wala Ruvubu, ambako kuna mamba na viboko, wala katika ziwa Burigi. Na maji ya ufuko ya Ziwa Viktoria yana kichocho, mbali na mengineyo. Mwenye nafasi atumie bwawa la kuogelea la hoteli Mwanza au Bukoba. Asiye na nafasi asubiri afike Unguja, ajifunze siku mbili tatu penye maji ya kifuani, ufukoni, pamoja na mtu ajuaye, na huko atakuta bahari inamsaidia, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwa na hubeba mwili kwa wepesi zaidi. Shabaha ni moja: kulala kifudifudi juu ya maji, mikono imelegea, miguu ikipigwa kidogo kutoka nyongani, na pumzi ikiendelea kama ilivyokuwa juu ya beseni. Aliyefika hapo, na akavaa jaketi la kuokolea, anaweza kwenda kuitazama merikebu. Asiyefika, abaki chomboni akiwatunza wenzake, na safari nyingine itakuja.

Juu ya vifaa nitasema kwa ufupi. Miwani ijaribiwe kwa kuibandika usoni bila ya kufunga mkanda wake, kisha kuvuta hewa kwa pua: ikishika yenyewe, inakufaa, ikianguka, chukua nyingine, hata kama mwenye duka ameapa. Masharubu huivujisha. Ili isifanye ukungu, temea mate upande wa ndani, sugua, suuza kwa maji ya bahari. Ile miwani mikubwa ifunikayo uso mzima, ambayo sasa huuzwa kwa wingi, siisifu, maana isipoundwa vizuri hewa uliyokwisha kuitoa hubaki ndani ukaivuta tena, na kuivua kwa ghafula wakati wa dhiki si rahisi. Vaa fulana ya mikono mirefu inayobana mwili. Jua la Unguja humuunguza mtu mgongoni na shingoni pasipo yeye kujua, kwa kuwa maji yanampoza. Kina mama na wote wapendao sitara wachague vazi refu lililobana kuliko kanga au nguo pana, kwa sababu nguo ieleayo hunasa kwenye vyuma. Na mkiisha kutoka majini, jifungeni vizuri kabla ya kupanda mjini, kwani Mji Mkongwe ni mji wa watu wenye adabu zao, na mgeni mwema huzishika.

Mtu aliyeshuka basi Dar es Salaam baada ya safari ile ndefu, miguu imevimba, usingizi haukukamilika, na maji aliyokunywa ni kidogo kwa kuchelea kusimamisha basi, asipande boti asubuhi ya pili yake na kwenda moja kwa moja kuogelea. Apumzike walau siku moja nzima. Misuli iliyochoka hukakamaa majini, na mkakamao wa mguu ukimpata mtu mahali ambapo hagusi chini ni msiba mdogo unaoweza kuwa mkubwa. Mwenye kifafa asiingie kabisa. Mwenye pumu, maradhi ya moyo au shinikizo la damu aulize daktari wake kabla hajakata tikiti. Na aliyekunywa pombe asubiri kesho.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo watu wa bara hatulijui kwa kuzaliwa nalo, nalo ni mwendo wa maji. Ziwa hukaa mahali pake, ila bahari huja na kuondoka. Kwa siku moja na usiku wake maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku wakati huo huchelewa kadiri ya dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na baina ya hali hizo mbili mkondo hukimbia kwa nguvu. Katikati, mwezi ukiwa nusu, huwa ni maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mkondo umelegea. Wavuvi wa Unguja huzihesabu siku hizo kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, na mgeni atafanya vema kuwauliza wao. Siku za bamvua, pwani ya Unguja, maji huwa yamepwa asubuhi karibu na saa nne. Siku za maji mafu, kinyume chake, wakati kama huo huwa yamejaa, nayo ni maji safi yaliyotoka bahari kuu, jua limepanda kiasi cha kuangaza chini, na upepo wa mchana haujaamka. Basi anayeweza kuchagua siku zake za likizo azitazame kwanza tarehe za mwezi, apange kwenda kwenye merikebu wakati wa maji mafu, asubuhi, maji yakimalizia kujaa. Mpango huu haugharimu hata senti moja, nao una thamani kuliko vifaa vyote nilivyovitaja.

Majira pia yana hukumu yake. Miezi ya masika, tangu Machi hadi Mei, mvua huyachafua maji na safari huwa si za kutegemea. Kusi livumapo, kiasi cha Juni hadi Septemba, pwani ya mashariki huchafuka, lakini upande wa magharibi, ulipo mji na ilipo Great Northern, hukingwa na kisiwa chenyewe, hivyo asubuhi nyingi hufaa. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka mapema Machi, maji huwa ya vuguvugu na mara nyingi meupe, ingawa siku upepo ukizidi upande huo huo wa mji nao hupata mawimbi.

Mchague nahodha kabla ya kuichagua boti. Mwulize maji yatajaa saa ngapi: akijibu papo hapo bila ya kutazama simu, umepata mtu. Mwulize mkondo utakwenda wapi, na kama yeye, au msaidizi wake, ataingia majini pamoja nanyi wakati mwenziwe amebaki chomboni. Tazama jaketi za kuokolea kwa macho yako, uzihesabu, uvae yako na kuifunga mkiwa bado ufukoni. Tazama kama kuna makasia endapo mashine itazimika, na ngazi au namna ya kupandia, kwa kuwa kuruka majini ni rahisi na kupanda chomboni umechoka si rahisi. Patana bei mapema, pamoja na muda wa kukaa pale, ili asije mtu akaharakishwa au akadaiwa zaidi katikati ya bahari. Na mwombe asiitupe nanga juu ya merikebu yenyewe, bali kwenye mchanga kandoni, au afunge kwenye boya likiwapo. Nanga moja huvunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kumea.

Mkifika, ingieni wawili wawili, kila mmoja akimjua mwenzake, na muanze upande utokako mkondo, ili muuache uwapitishe taratibu juu ya merikebu na kuwarudisha kwenye boti. Anayeanza kwa kupigana na mkondo humaliza nguvu zake kabla hajaona kitu. Kwa dakika za mwanzo usitazame chochote ila pumzi yako. Ikitulia, tazama. Utaona kwanza mchanga na vivuli, kisha mistari iliyonyooka mno kuwa kazi ya mwamba, na ndipo jicho litakapofahamu kwamba ule ni ubavu wa merikebu, na hizi ni mbavu zake, na matumbawe yamekifunika chuma mpaka huwezi kusema chuma kinaishia wapi. Rangi itakuwa ya buluu na kijani, maana nyekundu hupotea baada ya mita chache za maji. Kila kitu kitaonekana kikubwa kwa theluthi moja kuliko kilivyo, tena karibu zaidi, basi usidanganyike kwamba utakifikia kwa kunyoosha mkono. Tulia mahali pamoja. Samaki walioingia ndani kwa kishindo chako watatoka wenyewe: pono wakiguguna matumbawe, chewa amesimama penye kivuli, na pengine mkunga amechungulia kutoka tunduni. Mwenye subira ya dakika kumi huona vingi kuliko mwenye kuzunguka saa nzima.

Hapo ndipo tamaa ya kuzama huja, na hapo ndipo ninapomsihi msomaji akomee. Mpaka wako ni uso wa maji. Kwenye kina cha mita 10 uzito unaomkandamiza mtu ni mara mbili ya ule wa juu, na masikio yasiyofundishwa huumia kabla hajafika nusu ya njia. Wengine huvuta pumzi za haraka haraka nyingi kabla ya kuzama, wakidhani wanajaza kifua. Kwa kweli huondoa ile hewa chafu ambayo wingi wake ndio humwamuru mtu apumue, kwa hiyo hukaa chini bila ya kuona dhiki, mpaka oksijeni ikaisha, wakazimia kimya kimya, na mwenzao aliye juu hana habari. Chuma kilichooza majini kwa zaidi ya miaka 100 ni chenye makali, na jeraha lake laweza kuleta pepopunda. Ndani ya uwazi wa merikebu mna nyavu na nyuzi za mishipi zilizonasa. Wako pia viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na samaki wenye sumu wafananao na jiwe, ambao hawamdhuru mtu ila yule aliyewagusa au kuwakanyaga. Akichomwa mtu na samaki wa namna hiyo, sehemu ile itiwe katika maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila ya kuungua, na apelekwe hospitali bila ya kukawia.

Sababu nyingine ni ya adabu. Kipande cha chuma, kigae au msumari uliouokota huko hauwi kumbukumbu nyumbani kwako, ni uporaji. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unavihesabu vitu vya kale vilivyokaa chini ya maji kwa miaka 100 au zaidi kuwa urithi wa wanadamu wote, na Great Northern imekwisha kuutimiza umri huo. Tena merikebu nyingine ni makaburi. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa kisiwani Chapwani, mkabala wa mji, na sisi tuliozika watu wetu Igoma, Mwanza, baada ya Mv Bukoba hatuhitaji kufundishwa namna ya kupita mahali kama hapo.

Ukichoka, ukipata baridi, au moyo ukibadilika tu, inua uso, geuka chali, jaketi likubebe, uinue mkono mmoja na kuupunga mpaka nahodha akuone. Usione haya. Waambie na watoto wako ishara hiyo kabla hamjaondoka ufukoni, waifanye mbele yako mara kadhaa.

Na siku ile nahodha atakapoyatazama maji akasema kwamba leo hayafai, usimbembeleze kwa sababu umetoka Ngara na tikiti yako ya kurudi ni ya kesho. Mshukuru, umlipe kifuta jasho kwa asubuhi yake, uwachukue wanao ukawaonyeshe bahari kutoka Forodhani. Great Northern ipo pale tangu mwaka 1902, nayo itakuwapo mtakaporudi.